Papa, Chai Yako ya Bustani Ilikufa

Papa,

Nimeketi kwenye kiti chako nyuma ya nyumba, hapa mtaani Kasuku, na nimechoka. Sijalala vizuri tangu tukuzike. Watu wa matanga wamekwenda zao, mikeka imerudishwa kanisani, na sasa nimebaki na bustani yako.

Nina habari mbaya. Chai yako ya pipani, ile ya kumwagilia mboga, ilikufa.

Unajua desturi yetu, mfiwa hagusi kazi mpaka matanga yaondolewe. Basi nilikaa mkekani nikilia, na pipa halikukorogwa. Maji ya mboji yakikosa hewa huoza, wewe mwenyewe ulinifundisha. Yakaanza kunuka. Dada yako, Shangazi Mbombo, akaona aibu mbele ya wageni. "Hii harufu, watu ya kanisa watasema nini?" Akamimina humo javeli, ile ya kusafishia choo, chupa nzima. Alitaka kukusitiri, Papa. Sikuweza hata kumkasirikia.

Nikuambie ukweli? Nilishusha pumzi. Nimelikoroga pipa hilo tangu vita. Reli iliposimama na kazi yako ikasimama nayo, na kwenda shamba nje ya mji kukawa kwenda kufa, ulifunga samadi ya mbuzi na majani yaliyooza ndani ya gunia, ukalitumbukiza kwenye pipa la maji, ukatia na maji ya miwa. Sisi wanao tunaitamani hiyo miwa, wewe unalisha pipa! Kila asubuhi, kabla sijanawa uso: "Koroga, mutoto, mpaka itoe povu. Iko inapumua kama wewe." Ukichota ya kumwagilia, unabakiza kidogo ya kuanzishia nyingine. Lengalenga, mchicha wetu, ikaota kwenye ule mchanga mbovu, tukala. Nakumbuka ulivyokuwa ukinusa kikombe umefumba macho, kisha unasema inanukia udongo wa mvua. Hilo nalikumbuka kuliko njaa yenyewe.

Lakini mgongo unaniuma, Papa. Wajukuu zako wanakula mboga za sokoni bila kulalamika. Nilikuwa nimeshaamua pipa litawekewa makaa, basi.

Jana akaja Mama Zaina, jirani yetu wa wakati wa vita, yule aliyehamia mtaa wa Mikelenge. Alishuka kwenye pikipiki na bidoni, dumu la njano. Nikadhani ni mawese.

"Hii njo ile chai ya papa yako," akasema. "Alinigawia wakati ya vita. Sikuiacha ikufe."

Kumbe uligawa, na hukutuambia. Nilimkumbatia nikalia, na nusu ya kilio ilikuwa hasira. Nani alimwita? Nilikuwa karibu kupumzika! Alipoondoka nilifungua kifuniko, povu likatoka. Nikanusa. Nilikukumbuka sana, Papa, mpaka nikakaa chini.

Kisha nikalisugua pipa, nikalisuuza mpaka harufu ya javeli ikaisha, nikaimimina humo ile chai. Mikono ilifanya yenyewe, mimi nikilalamika.

Basi nenda salama, Papa. Huko uliko usikoroge kitu, ulale. Nakuahidi nitaikoroga asubuhi na jioni, na siku nikiwa tena mkekani nitamwomba mtu anikorogee. Ila usiniombe nitabasamu. Nitaikoroga nimenuna, lakini mikononi mwangu haitakufa tena.

Binti yako,
Kapinga