Kibao Kilichoandikwa Tiba

Mjukuu wangu Rehema,

Nakusalimu wewe, mama yako, baba yako na mdogo wako Juma anayeota meno. Sisi huku ng'ambo, hapa Deira, wazima, ila roho yangu haitulii nisipopata habari zenu.

Umeuliza kama kweli nafanya kazi kwa mganga. Hapana, mama. Yule mzee ninayemfanyia usafi ni daktari wa mitishamba ya Kihindi. Afisa wa leseni alimwambia, "Mzee, andika mlangoni 'kukanda mwili', khalas, yaishe, ufungue leo." Akakataa. "Mimi natibu watu." Tukafunga kungoja mtihani wa leseni ya tiba, nami nikaona kazi imekwisha. Madaktari wa serikali wakamtahini na mvi zake, akafaulu! Sasa kibao kimeandikwa Tiba, na anayekifuta vumbi kila asubuhi ni bibi yako.

Waambie hao wenzako wanaosema niko kwa mganga, kisha unijibu upesi, usiniache na mawazo.

Bibi yako