Mahali pa Jina la Mume

Jumanne, 6 Novemba 1956

Ulezi umebaki nusu kikapu. Nimesaga mpaka mabega yamekufa. Mwita anaota meno, hataki kushuka mgongoni. Nimesaga naye, nimechota maji naye, sasa naandika naye. Mvua tangu alfajiri.

Mchana Mwalimu Elisha wa shule ya misheni ameniletea barua ya chuo cha ukunga, kile cha ng'ambo ya mto Mara. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi. Nikajua.

Wamenikataa. Mtihani nimefaulu, wameandika wenyewe. Kosa ni fomu. Mahali pa jina la mume nimeandika jina la mwanamke. Wanasema ama nimefanya mzaha, ama sina mume na nina mtoto, na chuo hakipokei mwanamke wa namna hiyo. Orodha itafungwa tarehe 30.

Sikufanya mzaha. Waliuliza mume. Nikaandika Wankuru.

Jumatano, 7 Novemba

Nimejaribu kuliandika jambo lenyewe kwa namna ambayo mgeni angeelewa. Ni kama kueleza maji.

Wankuru ni mjane. Hakuzaa mtoto wa kiume. Binti zake walipoolewa alichukua ng'ombe wa mahari yao, akanioa mimi, nizae kwa jina la nyumba yake ili isizimike. Huku Susuni tunaita nyumba ntobhu, hata watoto wanajua. Mimi namwita Mama. Chacha wa ng'ambo ya kijito alichaguliwa na Mama ili nizae naye. Hakutoa ng'ombe hata mmoja. Mwita si wake. Mwita ni wa nyumba hii.

Limekuwa refu kuliko fomu yao.

Mama ameuliza barua inasemaje. Nikamwambia wamenikataa kwa sababu ya jina lako. Hivyo hivyo, bila kupunguza. Nikajuta kabla sijafunga mdomo. Alikuwa anamenya muhogo. Aliendelea kumenya.

Jumamosi, 10 Novemba

Barua nyingine, ya bomani Tarime. Hii hata nilikuwa nimeisahau. Niliomba wakati ule ule, kwa wasiwasi tu.

Wamenipokea kwenye mafunzo ya wasaidizi wa kliniki ya watoto. Kupima uzito, kuosha vyombo, kuandika kadi. Mwanamke anayejifungua huruhusiwi kumgusa. Nifike mwenyewe kuweka sahihi, mwisho Ijumaa tarehe 30. Nisipofika, nafasi anapewa mwingine. Na aliyeweka sahihi amefungwa miaka miwili, haombi mahali pengine.

Tarehe 30 huku, tarehe 30 kule.

Sitaki kupima uzito. Mtoto wangu wa kwanza, wakati wa kuzaliwa, alikaa njiani siku mbili. Wanawake watano walikuwa ndani ya nyumba, wote wananipenda, hakuna aliyejua afanye nini. Alitoka kimya. Msichana. Hakupewa jina. Nataka kujua lile ambalo hawakulijua. Basi.

Jumatatu, 12 Novemba

Mwalimu Elisha anasema naweza kumwandikia Bibi Mkuu wa chuo, aifikirie tena fomu yangu. Rufaa, kama ya barazani. Yeye ana njia fupi zaidi: niandike jina la Chacha, mambo yaishe. "Karatasi haina masikio, Mama Mwita." Alisema kwa wema. Ndiyo maana nimekasirika sana.

Nimekataa. Nikaenda barazani kwa karani, anipe barua ya kuonyesha ndoa yangu inajulikana. Wanaume walikuwa wamekaa nje wakingoja kesi ya ng'ombe. Mmoja akaniuliza kama mume wangu huwa ananipiga. Nikamwambia hapigi, halewi, na shamba analima mwenyewe, aende amuulize mkewe kama anataka tubadilishane. Walicheka. Safari hii hawakunicheka mimi. "Mura, kijana wetu, umepatikana," wakamwambia.

Karani aliandika mistari minne, akapiga mhuri. Mhuri umetoka nusu.

Alhamisi, 15 Novemba

Nimeenda Tarime kwa miguu kutia rufaa posta, pamoja na barua ya karani. Mwita nimemwacha kwa Mama. Matope. Kufika, maziwa yalikuwa yamelowesha gauni mbele yote. Yule wa dirishani akatazama pembeni.

Barua niliandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kulia, nikaichoma. Ya pili ilikuwa ya ugomvi. Ya tatu imeeleza ng'ombe walitoka wapi, mtoto ni wa nani, nani atamlea nikiwa chuoni. Nikamalizia: swali lenu lilikuwa moja, na jibu langu ni lile lile.

Sasa naona ule mstari ni mkali. Umeshaenda.

Jumapili, 18 Novemba

Kanisani. Palizi jana yote, mgongo hauinuki. Mwita amemwaga uji nikampiga kofi la mguuni. Akanitazama kwanza, kama ananiuliza. Halafu ndipo akalia. Nikalia na mimi.

Jumanne, 20 Novemba

Chacha amekuja. Habari zimemfika, sijui kwa nani. Alimsalimu Mama shikamoo vizuri sana, akaketi, akapewa togwa. Kisha akasema yuko tayari. Kama Wazungu wanataka mwanamume, aandikwe yeye, ataweka sahihi, hataki hata kuku.

Huyu si mtu mbaya. Lakini alimchukua Mwita akamweka pajani, akasema, "Mwanangu amekuwa mzito."

Hajawahi kumwita hivyo. Mama aliweka kibuyu chini. Mwita akacheka kwa sababu alikuwa anarushwa juu.

Nakumbuka nyumba ya marehemu Robi, mwanamke mjane. Nayo ilikuwa kama yetu. Mwanamume aliyezaa na mke wake aliandikwa baba kwenye kitabu cha ubatizo, kwa kurahisisha mambo. Mtoto alipofika umri wa kuchunga, yule mtu akaenda barazani na cheti. Robi alisema habari za ng'ombe wake. Wakasema ng'ombe hawana maandishi. Mtoto akaondoka. Siku hizi tunapita pale tunaona majivu na mti mmoja wa uzio.

Ijumaa, 23 Novemba

Hakuna barua. Mto Mara umejaa, kivuko kimesimama.

Jumatatu, 26 Novemba

Imefika.

Bibi Mkuu ameandika kwa mkono wake. Amesoma barua yangu yote. Anasema ni barua nzuri, ndicho kilichoniumiza. Anasema mila ya kwetu hawezi kuihukumu, lakini kanuni za chuo hana uwezo wa kuzibadili. Ameniwekea nafasi moja. Ameambatisha fomu mpya. Mume, mwanamume, aweke sahihi mbele ya mchungaji, ifike kabla orodha haijafungwa. Gari la misheni linateremka Alhamisi.

Kwa hiyo mlango uko wazi. Unafunguka kwa kidole cha Chacha.

Nimefurahi kwa muda wa kuvuka ua. Halafu nikaona Mwita amelala juu ya ngozi ya Mama, mdomo wazi.

Jumatano, 28 Novemba

Sijala tangu jana. Nimehesabu watu ambao ningewasaidia. Nyangi, jirani yetu, atajifungua Februari. Mdogo wangu ana mimba ya kwanza. Nimejiambia mtoto mmoja si kitu mbele ya hao wote. Nimejiambia Chacha hawezi kufanya kama yule wa kwa Robi. Nimejiambia Mama ni mzee, na wakati Mwita atakapokuwa mkubwa huenda hayupo. Hili la mwisho nimeliona aibu, lakini nimelifikiri, kwa hiyo naliandika.

Nilikuwa nimeketi na fomu mapajani Mama alipoingia. Hajui kusoma, ila alijua ni ipi.

"Mwandike Chacha," akasema.

Nikamwuliza kama anajua anachosema.

"Najua. Niliwahi kukusikia siku mbili unaita watu na hakuna aliyekuitikia. Mwandike. Ukirudi na kazi mkononi utazaa mwingine, tumwite wa nyumba hii."

"Na huyu?"

Alitoka kwenda kufunga ndama. Nimeangalia mgongo wake mpaka amefika zizini. Angeniomba nisiandike, ningeandika. Nina hakika. Ningemchukia kidogo na ningeandika.

Alhamisi, 29 Novemba

Chacha alifika mapema, amevaa koti, viatu mkononi asivichafue. Nikamwambia arudi nyumbani, na asante. Akauliza amekosa nini. Nikamwambia hajakosa. Na kama anataka Mwita abaki kumjua kwa wema, asimwite tena "mwanangu" mbele ya Mama. Aliondoka bila kuaga ndani.

Nimejaza fomu. Mahali pa jina la mume: Wankuru. Nimempa Mwalimu Elisha ikiwa wazi, asome. Akasoma. "Basi umejikataa mwenyewe, Mama Mwita." Nikamwambia ipelekwe hivyo hivyo. Sitaki waseme sikujibu.

Gari lilipita saa nne. Nililisikia likipanda kilima, nikaendelea kupalilia mstari ule ule mara mbili.

Nina hasira na watu wote. Na Mama pia.

Ijumaa, 30 Novemba

Bomani. Mama amesema anakuja. Nikamwambia ni mbali kwa miguu yake. Alikuwa ameshafunga chakula.

Tumetembea kwa kupumzika sana, tukipokezana Mwita. Tumefika wanakaribia kufunga. Yule bwana wa afya hakuuliza mengi, alikuwa anataka kwenda kwake. Karatasi yao haina mahali pa mume. Ina mahali pa mtu anayeniruhusu, na imeandikwa "mwenye nyumba". Akauliza yuko wapi. Mama akasogea. Yule bwana akamtazama, akamtazama Mwita, akasukuma kidau cha wino.

Mama aliweka kidole gumba akakikandamiza kwa uzito, kama anaziba tundu. Mimi nikaweka sahihi. Miaka miwili.

Njiani kurudi, karibu na nyumbani, Mama akaniambia miguu yangu inakanyaga vibaya, nitaharibu viatu.

Jumamosi, 8 Desemba

Jua leo, la kwanza. Nimeanika muhogo juu ya jiwe.

Mafunzo yanaanza Januari na watoto hawaruhusiwi, hivyo namwachisha Mwita. Siku ya tano. Nimepaka titi pilipili. Siku za kwanza alilia mpaka sauti ikamkauka, nami nikakaza moyo.

Nyangi amepita, tumbo limekuwa kubwa. Ameuliza kama kufikia Februari nitakuwa nimejua kuzalisha. Nimemwambia nitakuwa najua kupima uzito. Akasema si haba, ataniletea mtoto nimpime. Nikamwambia amlete.

Jioni hii Mwita amekunywa uji mkononi mwa Mama. Bakuli lote. Nilikaa karibu, hakugeuka kunitazama. Akamaliza, akajifuta mdomo kwa nguo ya Mama, akalala papo hapo kifuani kwake.

Ni vizuri. Maziwa yananiuma.