Bila Picha Hakuna Kilio

Kabambare, siku ya Mungu, kisha ibada

Mama yangu mupenzi,

Nakusalimia kwa heshima yote. Mguu wako iko namna gani? Uvimbe umeshuka, ama bado unatembea ukishika ukuta? Na mudogo wangu Malaika anaenda masomo? Najua ni yeye anakusomea barua hii. Malaika, tafazali, soma polepole, na usiruke kitu, hata pale utaona haya juu yangu. Sisi huku tunapumua tu. Mujomba Hippolyte anakohoa kidogo. Mvua inanyesha kila siku na njia ya Kasongo imeharibika tena. Anayekuletea barua hii atasukuma pikipiki yake kuliko kuipanda.

Juzi uliponipigia simu nilinyamaza, ukafikiri mtandao umepotea. Haukupotea. Sauti ndiyo ilinipotea mimi. Unanijua, mama, hata darasani mwalimu akiniuliza kitu ninachojua, nafunga mudomo. Kwa karatasi naweza.

Uliniuliza picha ya Gédéon iko wapi. Ulisema mbele ya shangazi wote kama bila picha hakuna kilio, kama vijana wenye jina lile ni wengi kule Lusangi, na kama ndugu yako Hippolyte anakuficha kitu. Nimesikia pia ulikataza watu kutandika mikeka ya kilio. Sikulaumu. Kwetu mutu akifia mbali na njia ni mbaya, picha ndiyo inarudi nyumbani pahali pa mwili. Basi acha niseme namna ilivyokuwa.

Habari ilifika asubuhi: kule Lusangi shimo la dhahabu limeanguka kwa ajili ya mvua, vijana wametolewa wamekufa, mumoja wao kaka yetu Gédéon. Mujomba alianza kuifunga kamera yake ya kazi. Unajua namna yake ya wakati wa mvua: sacheti mbili za plastiki, moja ndani ya ingine, tundu moja kwa jicho la kamera, na pale anakaza na kamba aliyokata kwa mpira wa ndani wa gurudumu. Pembeni ya kamera anaweka soksi yenye muchele uliokaangwa bila mafuta, ili ukunywe majimaji ya hewa. Siku zingine anacheka na kusema kamera yake inakula vizuri kuliko muke wake. Siku ile hakucheka. Alinituma tu nijaze soksi. Nikaijaza, nikaifunga.

Tulienda na pikipiki, mimi katikati ya dereva na mujomba, kamera ndani ya kikwembe kifuani kama mutoto. Wachimbaji walikuwa wametungojea. Hawakutaka kumuzika bila mutu wa nyumbani. Jua lilikuwa halijatoka siku nyingi, kwa hiyo simu zao zote, wanazochaji na sola, zilikuwa zimezimika, na hakuna hata mumoja aliyempiga picha. Kijana mumoja, Aristote, aliyekuwa analala na kaka chini ya bashi moja ya plastiki, aliishika bashi ile juu yetu ili kamera isinyeshewe. Mujomba aliinua kamera, akaishusha, akanipa mimi. Ni mimi nilipiga, mama. Niliziona kwa kioo cha nyuma: ya uso, ya mwili muzima, na ile mujomba amesimama kandokando yake. Zilitoka vizuri. Muchungaji akaomba, tukamuzika pahali pa juu, maji hayafike.

Kurudi, tulikuta mto umejaa na daraja la miti limeenda na maji. Tulikaa kwa watu mpaka maji yashuke. Mufuko wa kamera sikuufungua, juu mujomba anakataza: kila ukifunguliwa, unyevu unaingia. Tulipoufungua hapa nyumbani, ndani kulikuwa maji. Pahali pa kuingiza kadi pameota kutu ya kijani. Mujomba aliipangusa kadi na shati yake, akaikimbiza sokoni kwa kijana anayetengeneza simu, akaambiwa imekufa na vyote vilivyokuwa ndani. Ndiyo maana anakuambia picha ziko njiani. Anaamini sacheti zilitoboka na yeye hakuziangalia. Chakula hamalizi. Maneno unayomuambia kwa simu anayapokea tu, anasema «ndiyo, dada», kisha anatoka nje.

Mama, sacheti hazikutoboka.

Muchele ulikuwa umeisha. Niliona haya kumuambia mujomba vile alivyokuwa, na niliona haya kubisha kwa jirani na uso ule wa machozi. Jikoni kulikuwa chumvi, imelowa ndani ya kopo namna inavyolowa kila wakati wa mvua. Nikawaza: kama chumvi inakunywa hewa namna hii, itashinda muchele. Hata shule walitufundisha neno lake la Kifaransa, na nilikuwa nimepata pointi nzuri. Nikaikaanga mpaka ikakauka, nikajaza soksi. Sikufikiri kama chumvi ikishiba inageuka maji yenyewe. Ilimwagika ndani ya kamera, maji ya chumvi, muda wote tuliokuwa tunangoja mto. Tulipofika nilitangulia kuitoa soksi na kuitupa chooni kabla mujomba hajaiona.

Picha hakuna, mama. Haitakuja. Ndugu yako hakukuficha kitu, ni mimi.

Kamera haiwezi kukuonyesha tena, basi nakuambia nilichoona mimi. Uso nilimuosha mwenyewe na kitambaa cha kichwa changu. Jicho la kushoto lilikuwa limefunga. La kuume lilikataa, mpaka nikalishika kwa kidole. Chini ya kidevu kulikuwa lile kovu la mwichi, siku ile ulikuwa unatwanga sombe na hukujua amesimama nyuma yako. Nililigusa. Mudomo ulikuwa wazi kidogo, namna anavyolala, na ndani kulikuwa matope, niliyatoa. Ni yeye. Hakuna Gédéon mwingine.

Malaika ameniambia kama kila mangaribi unamuwekea sahani na kuifunika. Usimuwekee tena, mama. Waite shangazi, watandike mikeka. Mimi sijalia tangu Lusangi. Siwezi kukutangulia kulia.

Nisalimie shangazi wote, na mama Marcelline anayekuchotea maji. Mujomba hajui ninaandika. Barua hii ikisha kuondoka, nitakaa mbele yake nimuambie na yeye. Mungu ashike mukono wako usiku na mchana.

Mutoto wako,
Darlène