Tundu la Kayaki ya Bi Zuhura

Jumatatu, 12 Januari
Vanishi ya mwisho imekauka. Bi Zuhura, mwalimu wa mjini Amu, amekuja Matondoni kuchukua kayaki yake, mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu. Tundu la kukalia nimelifanya dogo. Miaka thelathini naziba matundu ya vyombo vya baharini. Mkono ulikataa kufungua kubwa. Akauliza, ikipinduka mtu hurudi ndani? Nikajibu nimeijaribu mwenyewe baharini, mara tatu. Uongo mtupu. Niliikalia mchangani mara moja, tumbo likagoma mlangoni.

Jumatano, 14 Januari
Amepinduka mkondoni. Saa nzima ameikumbatia kayaki, hadi mashua ya kubeba mchanga ikamwokota. Magoti yamechunika. Nimekwenda kumpa pole. Laiti angenitukana.
"Bwana Athumani, wewe na tumbo hilo umeweza. Mimi nimeshindwa na nini?"
Anajiona mzembe. Jumapili anarudi majini peke yake, mpaka aweze. Hapo ndipo pa kusema. Nikasifu chai yake.

Alhamisi, 15 Januari
Nimeichukua kayaki, eti kukagua mishono ya mbao. Nikaingia nayo maji ya kifua. Nimepinduka mara sita. Kila nikitanguliza makalio, miguu haina pa kupita, tunabiringika wote wawili. Mafundi wenzangu waliacha kazi kutazama.
"Athumani, mjaribu punda! Huenda yeye akaenea!"
Wana haki.

Ijumaa, 16 Januari
Ndia ya kuingilia nimeiona. Miguu kwanza. Dumu tupu la lita tano nimelifunga ncha moja ya kafi, ncha ya pili nikaikaza kwa kamba nyuma ya tundu. Dumu linaelea ubavuni, chombo hakibiringiki. Unalala kifudifudi juu ya sitaha, uso nyuma, unatelezesha miguu ndani, kisha unageuka polepole, uzito kwenye dumu. Nilifika mapajani. Kiuno chembamba kitapita.
Msikitini sikusikia hotuba. Nilisikia "mara tatu" tu, kwa sauti yangu.

Jumamosi, 17 Januari
Nimemwambia. Yote.
Akasema: "Saa nzima majini nilikuwa najilaumu mimi."
Nimeona haya hadi masikio.
Nikamwonyesha dumu. Akaingia majini, akanikataza kumshika. Mara ya nne alikaa ndani, anatoa maji kwa kopo, hanitazami. Aliporudi nchi kavu akaokota kipande cha mkaa, akachora mstari kuzunguka tundu, vidole viwili nje ya ukingo wangu. Akaenda zake. Hata kwaheri sikupata.

Jumapili, 18 Januari
Nimekata juu ya mstari wake. Sikupunguza, sikuongeza. Msasa, vanishi kidogo.
Alasiri alikuja. Akafunga dumu kwa mkono wake, akavuta fundo mara mbili.
"Umeijaribu?"
"Mchangani tu. Tumbo bado halipiti."
Akatikisa kichwa, akaingia majini. Nilikaa pale na kopo la vanishi mpaka akarudi akipiga kafi.