Kibuyu Bado Hakijafunguliwa

Mwalimu wangu,

Naogopa, na wewe ndiye mtu pekee niliyezoea kumwambia neno hilo bila kuona haya. Tangu tukuzike nimekuwa nikijifanya jasiri mbele ya wenzetu idarani. Leo nimechoka kujifanya.

Kitabu changu kimepata tuzo. Kile ulichokisoma kikiwa bado rasimu, juu ya majirani wa kijiji cha Ziwa: wenyeji, na wale waliotoka magharibi kutafuta vibarua, jinsi walivyofukuzana wakati wa vurugu za uchaguzi na jinsi walivyorudi wakaanza tena kuuziana maziwa. Chuo kimebandika picha yangu ukutani, chini ya yako. Natabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Idara yetu ya masomo ya kanda imebarikiwa mwaka huu. Chebet amepata shahada yake ya udaktari, na Wafula amealikwa kufundisha ng'ambo. Ungefurahi, halafu ungeuliza ni nani atasahihisha mitihani yake.

Kibuyu cha mursik kiko juu ya meza yako, hakijafunguliwa. Sheria uliiweka mwenyewe: mwanariadha akirudi na ushindi hulakiwa kwa maziwa lala haya, na sisi pia tulakiane hivyo, ila hakuna kuonja kabla kitabu hakijarudishwa kwa wenyewe na kusomwa mbele yao.

Nakumbuka tulipokirudisha kitabu chako kule Moi's Bridge. Ulikuwa ukisoma kwa madaha, mzee mmoja akasimama akasema, "Prof, hapo umetudanganya." Nilitamani ardhi inimeze. Wewe ulitoa kalamu mfukoni, ukamwomba akae karibu nawe, akakusahihisha mpaka chai ikapoa. Njiani ukaniambia, "Afadhali aniaibishe yeye leo kuliko watoto wake kesho."

Na zamu yangu ya kwanza ya kusoma, kule Sugoi, sauti ikizama kooni! Ulikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na kila nilipofifia uliinua mkono. Nilisoma mpaka mwisho nikiutazama mkono ule.

Kesho ni Ziwa, kwenye ukumbi wa kanisa. Katika sura ya nne yumo Mama Nekesa, muuza mboga, akisimulia jinsi mzee jirani yake alivyowaongoza vijana waliomfukuza mpaka langoni kwake. Jina la jirani sikulitaja, lakini pale Ziwa nani asiyemjua? Wanapakana ua hadi leo, na mzee huyo amesema atakuja. Nikimaliza kusoma, mimi nitawasha gari nirudi mjini. Mama Nekesa atalala palepale. Je, kukiharibika?

Chebet aliniona ninavyohangaika akasema, "Daktari, hiyo ilikuwa style ya Prof. Si tukule tu keki hapa campus, iishe?" Nusura nikubali. Kisha nikaamua nitakwenda, lakini sura ya nne nitairuka. Nikampigia Mama Nekesa kumweleza, nikidhani atashukuru.

Akanijibu: "Daktari, hiyo stori nilikupatia nikijua huyo mzee ako hai. Kila siku tunasalimiana, na hiyo maneno hatujawahi ongea. Nataka aisikie nikiwa hapo. Usiniruke."

"Mama, mimi naogopa."

"Kwani mimi siogopi? Naogopa sana. Lakini soma."

Sijui kwa nini, nikajikuta namsimulia habari za mkono wako. Nilimwambia kwamba hii ni mara ya kwanza nasoma bila wewe, na kwamba sauti yangu naijua, itakufa mbele ya watu. Halafu akauliza ulikuwa unakaa wapi.

"Nyuma, Mama. Karibu na mlango."

"Basi hapo ndio nitakaa. Sauti ikienda chini, utaona mkono yangu."

Lala salama, Mwalimu. Bado naogopa, na sidhani nitaacha. Kesho nitasoma sura ya nne yote, nikitazama mlangoni.

Mimi, mwanafunzi wako.