Heri ya Kuzaliwa kwa Mzee Mkasi

Mjukuu wangu,

Huna haya. Nimeanza na hilo usije ukadhani nakuandikia kukuomba kitu. Salamu ni hizi: mimi mzima, goti linauma kama kawaida yake, na wewe natumaini u mzima, maana nataka unisikie vizuri.

Leo asubuhi mke wa Mzee Mkasi alikuja kwangu na simu ya marehemu mkononi. Wiki ya tatu hii tangu tumzike. Aliniomba nimsomee, miwani yake imevunjika. Nikasoma: "Heri ya siku ya kuzaliwa, mfanyakazi wetu mpendwa. Tunakutegemea kazini leo." Chini yake jina la karakana. Karakana yangu, niliyoianza kwa cherehani moja sebuleni, baba yako akitambaa chini ya meza.

Najua utasema ni mashine. Karani wako ameshaniambia nilipompigia, kwa sauti tamu, kwamba mfumo unatuma wenyewe na jina halijafutwa. Nikamwuliza bosi wake anafanya kazi gani, ikiwa hata kupongeza watu kunafanywa na mfumo. Akasema uko kwenye semina ya uongozi. Nilicheka mpaka goti likasahau kuuma.

Mzee Mkasi alitukatia sare miaka thelathini na moja. Mwaka ule mvua ilipoingia ndani na vitambaa vyote vikalowa, ni yeye aliyewaleta mafundi siku ya mapumziko, wakavianika juu ya paa, wakapiga pasi mpaka oda ikatoka siku yake. Sikuwaita. Walikuja kwa sababu nilijua mtoto wa nani anaumwa na nani kagombana na mumewe. Wewe ukajijengea chumba cha vioo, ukaondoa benchi walilokuwa wakikaa kula pamoja, eti wanapoteza muda. Mafundi wanne wameshahama, nawe unauliza mkutanoni kwa nini watu hawana moyo na kazi.

Lakini si hilo lililonishikisha kalamu. Yule mama hakukasirika hata kidogo. Alisema, "Dada, mwambie mjukuu wako asijisikie vibaya, mashine imekosea tu. Yeye ana utu. Alikuja hospitali kumwona mume wangu."

Hukuja. Siku kumi na tisa Mzee Mkasi alilala pale, dakika kumi kutoka kwenye vioo vyako, na kila siku alikuulizia. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba ulikuja akiwa amelala, ukamshika mkono. Alifurahi, akanilaumu kwa nini sikumwamsha. Usidhani nilimhurumia. Niliona aibu kwa ajili yako, nikalinda jina la nyumba yetu kwa uongo, naye kafa nao. Sasa mjane wake anautembeza mtaani akikusifu, na mimi naitikia kwa kichwa kama mjinga.

Msalimie mkeo, na watoto uwaambie bibi anawakumbuka.

Wewe kesho asubuhi, kabla hujafungua ofisi, nenda kwake kwa miguu yako, bila karani, bila maua. Mwambie kwamba hukuja, na kwamba ni mimi niliyedanganya. Halafu kaa hapo hapo, usiguse simu, mpaka yeye mwenyewe akuambie inuka.

Ni mimi bibi yako,
mwenye ile cherehani.