Muuguzi Aliyemfokea Mama

Kasulu, 4 Machi 2024

Mwanangu Irakoze,

Mwakeye, nakusalimu kwa Kiha chetu. Huku tu wazima, maharage yamepata mvua. Nawe u mzima? Simu yako inaita tu haipokelewi, ndiyo maana barua hii nimempa dereva wa basi la Kibondo.

Jana nilikwenda kupima presha. Nilipouliza mara ya pili dawa inamezwaje, muuguzi akanifokea mbele za watu: "Bibi, husikii?" Nikaondoka bila kuelewa. Njiani nikamshukuru Mungu kwamba muuguzi wangu, wewe mwanangu, hayuko hivyo.

Mama yako,
Theodosia

Kibondo, 30 Machi

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Mimi nipo nipo tu. Dawa usiiache hata ukijisikia mzima. Rudi wakueleze vizuri.

Barua yako imenikuta niko peke yangu wodi ya wazazi. Mwenzangu Niyomwungere ameacha kazi na hakuletwa mwingine. Likizo yangu imesogezwa tena. Wakubwa wakija, wanauliza ripoti tu. Juzi nilimfokea mama mmoja wa Kakonko akiwa kwenye uchungu. Aling'ata kanga yake.

Mama, mimi na huyo muuguzi wenu hatuna tofauti. Nafikiria kuacha.

Mwanao,
Irakoze

Kasulu, 12 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Presha imeshuka kidogo.

Kumfokea mzazi ni vibaya, na sitasema vingine kwa kuwa ni wewe. Ila niliporudi kliniki nilimtazama vizuri yule binti aliyenifokea. Miguu imemvimba. Nikamwambia pole na kazi. Akavuta kiti, akakaa, akanieleza dawa upya, taratibu.

Wewe huko, nani anakupa pole?

Mama yako

Kibondo, 21 Juni

Mama,

Shikamoo. Unaendeleaje? Barua yako yenye lile swali nimeibeba mfukoni kila zamu.

Mwezi uliopita tumeletewa matroni mpya, Mwanaamina. Alinikuta nimeegemea ukuta, akavaa glavu. "Nenda ukalale," akasema, "wodi nitakaa nayo mimi." Akakaa nayo mpaka jioni. Baadaye akawasumbua wilayani hadi tukapewa muuguzi mmoja. Hatoshi, na bado nachoka. Lakini siku hizi mgonjwa akiniita, naitika vizuri. Habari za kuacha nimeziweka kando kwanza.

Likizo imekubaliwa, nafika Jumamosi. Majirani usiwaambie, wataniletea wagonjwa. Wala usinipikie kitu. Nitandikie tu kitanda, Mama, nilale.

Mwanao,
Irakoze